Hakimu Aliyezunguka Matuta

Mimi yule Hakimu nilimshuku kabla hajafungua mdomo, nisikudanganye. Alishuka kwenye lori la viazi pale chini ya mahakama. Ikateremshwa kwanza baiskeli, halafu sanduku la bati, halafu yeye, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuipangusa baiskeli. Uso wake una vumbi mpaka kwenye kope, yeye anapangusa baiskeli. Nikamwambia mwenzangu niliyekuwa nauza naye uji, "Huyu atatunyoosha." Mwenzangu akasema, "Au sisi tutamnyoosha." Tukacheka mpaka uji ukafura ukamwagika motoni.

Siku za kesi nilikuwa nauza uji na maandazi kwenye upenu wa mahakama. Wenye kesi wanatoka mbali, wanashuka milima tangu alfajiri, wanafika matumbo yanapiga kelele. Kwa hiyo kama kuna mtu alimwona yule Hakimu kila siku, ni mimi. Nilimwona akija, nilimwona akitoka, na kwa sababu dirisha lilikuwa halina kioo, nilimsikia. Nasema nimemjua. Lakini shamba langu la bondeni, hilo ninalopanda karoti mpaka leo, yeye ndiye aliyeniachia kwa hukumu yake, na kwa nini aliniachia sikujua. Hilo ndilo lililonikosesha raha miaka na miaka. Mtu akikupa kitu kikubwa halafu asidai chochote, unalala vipi?

Kitu kimoja: hakununua andazi langu hata siku moja. Hata uji. Anakuja na viazi vyake vya kuchemsha kwenye kitambaa, anakula amesimama nyuma ya mahakama kama ng'ombe kwenye mvua. Nikamuuliza siku moja, "Mheshimiwa, shikamoo. Maandazi yangu yana sumu?"

"Marahaba mama. Hayana."

"Sasa?"

"Leo nikila andazi lako, kesho ukiletwa hapa watu watasema nimelishwa."

"Na mimi nitaletwa hapa kwa lipi?"

Akaniangalia, akaangalia mtungi wa pombe niliokuwa nimeuficha nyuma ya kuni, akasema, "Hilo unalijua wewe." Akaondoka. Nikakasirika! Kumbe ameuona.

Na dini yake hatukuijua. Hilo liliwasumbua watu kuliko hukumu zake. Ijumaa unamkuta sokoni anachagua vitunguu, Jumapili kengele inalia yeye anapaka mafuta mnyororo wa baiskeli. Waislamu wakadhani ni Mkristo, Wakristo wakadhani ni Mwislamu, na kila upande ukamsamehe kwa sababu si wa kwao. Ila mkewe alisema anaomba. Anaomba wapi? "Chumbani, mlango umefungwa." Mwenzangu wa uji akasema mtu anayefunga mlango akiomba ana la kuficha. Nami nikakubaliana naye kabisa. Tuliamini hivyo, na nikwambie tu, hatukukosea sana.

Alikuwa na neno lake. Ukimletea kesi, hata kama umelia machozi ndoo nzima, anamgeukia karani wake anasema, "Nisomee." Karani asome kifungu. "Nisomee tena." Wazee wa baraza wawili wanaokaa naye, mmoja alikuwa anasinzia, lakini "Nisomee" ya pili ilikuwa inamwamsha kila mara, anashtuka anasema, "Nakubali!" Watu wanaangua kicheko, Hakimu hacheki.

Lakini huyohuyo wa kusomewa, karatasi ilikuwa haimtoshi. Kesi ikiwa ya shamba, au ya mfereji, au ya mti ulioangukia nyumba, atasema, "Twende tukaone." Atavua viatu, atavifunga kamba shingoni, ataingia matopeni miguu mitupu, na sisi wote nyuma, wenye kesi, wazee wa baraza, watoto, mbwa. Ilikuwa kama harusi! Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Yule Hakimu alikuwa hakanyagi matuta.

Ngoja nikueleze matuta, maana ninyi mnayaona leo mnadhani Mungu aliyaumba hivyo. Wakati wa Mwingereza, kabla ya Uhuru, ilitoka amri kwamba kila mwenye shamba huku milimani achimbe matuta, udongo usiteremke. Unachimba mlima mzima kama ngazi, mpaka mgongo unakatika, na ukimaliza, udongo mbaya uko juu na mzuri umeufukia. Watu waliyachukia matuta kuliko kodi. Asiyechimba anaandikwa jina, anapelekwa barazani, anafungwa. Na wanaume wa huku wakaapa: hatuchimbi. Ukionekana unachimba, unaitwa kibaraka, hata mkeo anachekwa kisimani. Kwa hiyo kama familia ilichimba, ilichimba kwa siri. Na siri hiyo, mwanangu, ilikuwa ya wanawake. Mwanaume yuko mkutanoni ameapa, mkewe yuko shambani na jembe ili mume asifungwe. Uhuru ukaja, wanaume wakashangiliwa. Sisi tukanyamaza. Ungesema nini? Kwamba umechimba?

Basi Hakimu akifika kwenye shamba lenye matuta, anayazunguka. Atapita pembeni, kwenye miiba, atapanda juu, atashukia upande wa pili. Kama mtu anayezunguka kaburi. Nikasema moyoni, huyu kuna kitu.

Sasa Mwenyekiti. Huyu alikuwa Mwenyekiti wa chama pale kwetu, tena mzee wa kanisa, na siwezi kukueleza Hakimu bila yeye, maana walikuwa kama mawe mawili ya kusagia. Umaarufu wake ulitoka palepale kwenye matuta. Wakati ule alipanda juu ya pipa pale sokoni akasema, "Hakuna mwanaume wa mlima huu aliyechimba tuta hata moja, na hatachimba!" Watu walimbeba mabegani. Uhuru ulipokuja, nani mwingine angekuwa mwenyekiti? Na halafu, sikiliza kichekesho, Ujamaa ulipoanza, yeye yuleyule akasimama palepale akatuambia tuchimbe matuta, tuokoe udongo wa taifa. Bibi mmoja akamuuliza, "Ndugu Mwenyekiti, haya ni yale yale au yamebadilika?" Akasema, "Yale yalikuwa ya mkoloni. Haya ni yetu." Bibi akasema, "Mgongo wangu hautajua."

Nisimsingizie lakini. Wengi wanapenda kusikia kwamba wanasiasa wa namna hiyo wanahubiri mchana na kunywa kisirisiri. Huyu hapana. Mimi nilikuwa napika boha, pombe yetu ya miwa, najua kila mnywaji wa mlima ule na kibuyu chake, na nakuambia, tone halikupita mdomoni mwake. Hakuiba, hakuwa na mwanamke wa pembeni. Taabu yake ilikuwa moja: alichokichukia yeye, alijua na Mungu anakichukia, na serikali pia. Alipotuona akina mama wawili tunacheka njiani, alisimama atuulize tunacheka nini.

Siku moja akanikamata na mtungi wangu. Akaumwaga barabarani mbele ya watoto wa shule, akanipeleka mahakamani mwenyewe, mkono wake kwenye kiwiko changu kama tunakwenda kufunga ndoa. Hakimu akauliza, "Amefanya nini?"

"Amepika boha, Mheshimiwa."

"Kibali anacho?"

"Anacho."

"Aliuza saa zilizokatazwa?"

"Hakuwa ameuza bado."

"Sasa?"

"Mheshimiwa, ni dhambi. Imeandikwa."

Hakimu akamgeukia karani. "Nisomee." Karani akapekua, akapekua, jasho likamtoka. Hakuna. Hakimu akasema maneno ambayo tuliyaimba miaka mingi tukitwanga: "Ndugu Mwenyekiti, dhambi mpelekee mchungaji, au mpelekee shehe. Mimi nileteeni kosa." Mzee wa baraza akaamka: "Nakubali!"

Niliruka kwa furaha. Nikampelekea Hakimu maandazi kumi kwenye sahani ya maua. Akayarudisha yote kumi. Nikayahesabu, nikasema, huyu mtu ana roho gani?

Mwenyekiti hakusahau. Na mimi nikampa nafasi, maana mwaka uliofuata mume wangu alikufa. Homa, siku nne tu. Arobaini haijaisha, shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, akaja akakaa kwenye kigoda cha mume wangu akaniambia mambo mawili: nirithiwe naye, au niache shamba la bonde nirudi kwetu. Nikamwambia, "Shemeji, wewe mke unaye." Na anaye kweli, mwanamke mkimya, mkubwa kwangu, tunamwita Mama Elia. Alikuwa amesimama mlangoni wakati mumewe ananiambia hayo, ameshika ungo.

Nilikuwa na watoto watatu. Bila bonde lile hakuna karoti, hakuna miwa, hakuna chochote. Nikaenda mahakamani, lakini bila tumaini, kwa sababu nilishamjua Hakimu: atasema "Nisomee," na mila za ukoo zimeandikwa, na zilizoandikwa zinasema mjane harithi shamba la mume. Yule aliyeniokoa na boha kwa sababu halikuandikwa, sasa atanimaliza kwa lililoandikwa. Nilijiona nimekwisha.

Shemeji akamleta Mwenyekiti kuwa shahidi, aje aseme mimi ni mwanamke wa namna gani. Akaapa kwa Biblia, mkono umenyooka kama mti. Akasema mpika pombe haaminiwi na ardhi, ardhi ni ya Mungu na ya taifa, apewe mwenye familia, mcha Mungu. Alisema vizuri, hata mimi nilitaka kujinyang'anya shamba.

Hakimu hakusema "Nisomee." Akasema, "Twende tukaone."

Tukaenda. Viatu shingoni, miguu mitupu, watoto, mbwa. Mama Elia naye alikuja, amekaa nyuma ya watu wote. Tulipofika bondeni, Hakimu akayazunguka matuta kama kawaida yake, akapita kwenye miiba, akasimama juu kabisa. Yako manne. Akaangalia chini muda mrefu. Akasema, "Hili la juu lilichimbwa kwanza."

Nikashtuka. Alijuaje? Ni kweli, lilikuwa la kwanza.

"Nani alichimba matuta haya?"

Shemeji akaruka, "Mimi na marehemu ndugu yangu, Mheshimiwa! Kwa mikono yetu hii!" Alidhani amejenga ukuta. Alikuwa amechimba shimo.

Hakimu akamgeukia Mwenyekiti, polepole. "Ndugu Mwenyekiti. Bado uko kwenye kiapo. Mwaka ule wa amri ya Mwingereza, wanaume wa nyumba hii walichimba matuta?"

Jamani, nilimwona yule baba anavyobadilika rangi. Akisema walichimba, basi ile hotuba yake ya juu ya pipa ilikuwa uongo, na rafiki yake alikuwa kibaraka. Akisema hawakuchimba, shemeji ameongopa mbele ya Hakimu. Angeweza kusema hajui! Mimi ningesema sijui. Lakini alikuwa ameshika Biblia asubuhi ile, na mtu yule alikuwa anamwogopa Mungu kweli, si kwa maonyesho. Akasema, "Hawakuchimba. Waliapa, na hawakuchimba."

"Basi nani alichimba?"

Shemeji akainama kuchomoa mwiba usiokuwepo mguuni.

Hakimu akaniangalia mimi. Mimi nami nilikuwa nimeapa asubuhi ile. "Wewe mama. La juu hili, nani alichimba?"

Nikasema, "Mimi."

Hukumu ilisomwa wiki ile ile. Alisema mila inasema mjane harithi shamba la mume, na mahakama haibishani na mila. Ila bonde hili lilikuwa mteremko usiolimika mpaka mtu alipochimba matuta, na aliyechimba matuta hakurithi shamba, alilitengeneza. La kwake, abaki nalo. Mzee wa baraza siku hiyo alikuwa macho tangu mwanzo. Akasema taratibu, "Nakubali."

Nje wanawake walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakakimbia. Unajua kwa nini? Kila mmoja alikuwa na matuta yake aliyoyachimba gizani na kunyamaza nayo. Siku ile tulisema kwa sauti.

Mwenyekiti akaitisha mkutano pale sokoni. Akasema Hakimu anatunga sheria. "Nimeitafuta sheria hiyo ya mchimba tuta, haipo! Haipo kwenye mila, haipo serikalini, haipo kwenye Maandiko! Sheria zinatungwa na wale mliowachagua. Mimi mmenichagua. Yeye alipigiwa kura na nani?" Watu wakaguna, maana lilikuwa neno la kweli. "Juzi kwenye boha alisema hasomi kisichoandikwa. Leo amesoma wapi? Hewani? Leo ametoa shamba, kesho atatoa wake zenu!" Halafu akashusha sauti, na hapo ndipo aliponichoma: "Na mjiulize, kwa mwanamke yule, alikuwa anatafuta nini?"

Hakimu alikuwa amesimama ukingoni na baiskeli yake. Watu wakamgeukia ajibu. Akasema tu, "Asiyeridhika akate rufaa," akapanda baiskeli. Shemeji hakukata rufaa, aliona haya. Lakini barua zilikwenda huko juu, na miezi michache baadaye Hakimu akahamishiwa Magoma, kule chini kwenye joto na mbu. Lori lilelile la viazi. Nilikwenda kumuaga na andazi moja tu. Nikasema, "Sasa huna kesi hapa. Kula." Akalichukua, akalifunga kwenye kitambaa. Sikumwona akilila.

Basi mimi nikabaki na bonde, na maswali. Maneno ya Mwenyekiti yaliniingia. Kila baiskeli ikipiga kengele njiani, nilijua ni yeye, amekuja kudai shukrani yake. Nilikuwa na jibu tayari, la hasira, nimelifanyia mazoezi mbele ya mbuzi. Hakuja. Mwaka, miaka mitano, kumi. Nikazidi kumshuku! Nikawaza labda alikuwa na ugomvi na Mwenyekiti akanitumia mimi kama jembe la kuazima. Na mara nyingine nikawaza, alijuaje tuta la juu ndilo la kwanza? Hilo nililiwaza nikalifukuza, maana lilikuwa linaniletea wazo jingine nisilolitaka.

Nilisikia amestaafu, amejenga Kwai, anafuga ng'ombe wa maziwa. Ulikuwa ule wakati wa shida, sabuni unaiona kwa foleni. Mimi nilikuwa na kipande kizima, mwanangu aliniletea. Nikakikata katikati, nikafunga nusu kwenye majani ya mgomba, nikapanda lori kwenda Kwai. Nikajiambia, leo nitamuuliza.

Nilimkuta anakamua. Amezeeka, kichwa cheupe, baiskeli imeegeshwa ukutani inang'aa vilevile.

"Onga mshi, Mheshimiwa," nikamsalimu kwa lugha yetu.

Akageuka. "Aa. Mama maandazi." Akaipokea sabuni, akainusa, akafumba macho. "Hii naipokea. Sina kesi tena."

Nikakaa kwenye debe. Sikuzunguka. "Mheshimiwa, ulitafuta nini kwangu?"

Hakushangaa. Akaendelea kukamua, shwa, shwa, akisema na ubavu wa ng'ombe kuliko na mimi. Akasema alipokuwa kijana, kabla hajasomea uhakimu, alikuwa karani wa Bwana Shamba. Yeye ndiye aliyekuwa anapita na daftari kuandika majina ya wasiochimba matuta. Alimwandika baba mkwe wangu, na mzee akafungwa. Ndiyo sababu alikuwa haombi mbele za watu, aliona haya hata kupiga goti na wenzake. Na ndiyo sababu alikuwa hayakanyagi matuta. Mwenyekiti angelijua hilo, angemmaliza siku moja.

"Mzee alipokuwa ndani," akasema, "nilirudi kukagua. Alfajiri, ukungu. Nikamkuta mwanamke peke yake bondeni, mtoto mgongoni, anachimba tuta la juu. Jembe mpini umepasuka, ameufunga kwa kamba ya mgomba. Hakuniona. Nikaandika kwenye daftari 'limechimbwa,' ijapokuwa lilikuwa nusu, na mzee akaachiwa. Nilipokuona mahakamani wewe na bonde lile, nikakujua. Nilipaswa kushuka kwenye kiti niwe shahidi, hakimu mwingine akae. Nikakaa palepale, nikahukumu kwa macho yangu niliyoyaficha. Mwenyekiti alinishitaki kwa kutunga sheria. Hilo ningeweza kulijibu. Kosa langu lenyewe hakulijua."

Aliponiangalia nikaona anangoja nimshukuru. Au nimsamehe. Mzee wa watu, maziwa mikononi.

Na mimi nikaona mtoto yule mgongoni.

"Mheshimiwa," nikasema, "mwaka ule mimi nilikuwa sijaolewa."

Mikono ikasimama. Ng'ombe akageuka kumtazama.

"Niliolewa mavuno yaliyofuata. Nilichimba matatu ya chini, kwa siri, Mungu anajua. La juu nililikuta. Yule uliyemwona ni Mama Elia, mke wa shemeji. Mtoto ni Elia."

"Lakini nilikuuliza. Kwenye kiapo."

"Uliniuliza. Nikakudanganya. Nilikuwa na watoto watatu."

"Na yeye alikuwepo pale?"

"Alikuwa amekaa nyuma. Angesema, angemfungisha mumewe kwa uongo wake wa mahakamani. Akanyamaza. Na mimi nimepanda karoti kwenye jasho lake mpaka leo, tunapishana kisimani, ananiuliza watoto hawajambo." Sauti ikanikatika, mimi ninayeongea kila siku. "Hiyo ni dhambi au ni kosa, Mheshimiwa?"

"Vyote viwili, mama," akasema. "Na kwangu pia."

Nilidhani atanifukuza. Akainuka, akafunika ndoo, akaingia ndani. Akatoka na viatu vimefungwa kamba, akavitia shingoni.

"Twende tukaone," akasema.

Tulifika bondeni jua limeanza kuinama. Mama Elia alikuwa ng'ambo ya mfereji, kwenye kijishamba chao cha mawe, anapalilia. Mzee hakuzunguka. Nilimtazama kwa makusudi kuona atafanyaje. Alikanyaga tuta la chini, akapanda, la pili, la tatu, magoti yanalia, mpaka la juu. Kutoka pale akampigia sauti, na mimi nilidhani nimesikia vibaya, maana yeye ndiye alikuwa mkubwa kwa umri, tena mheshimiwa, na huku kwetu mambo hayo hayachezewi:

"Shikamoo, mama."

Mama Elia akanyoosha mgongo. Akamwangalia yeye, akaniangalia mimi, akaangalia tuta tulilosimama juu yake. Mimi machozi yalikuwa yananitoka, nikanyoosha tu mkono kwenye udongo ule, nikamwonyesha, kuanzia mwanzo wake mpaka mwisho wake. Chukua.

Akafuta udongo wa mikononi kwenye kanga.

"Marahaba," akasema. Akaruka mfereji, mwanamke wa umri ule, jembe begani. "Haya, shukeni hapo. Mnakanyaga."